Namchora Fundi wa Majeneza

Jumapili, 6 Julai 2025

Andika, Rozi. Tarehe kwanza. Kitabu kinasema mpelelezi anaanza na tarehe, hata kama kilichopotea ni kuku tu.

Mimi ni Roda, mama Gibson. Kusoma sijui, kuandika sijui, kuongea najua. Anayeandika ni mkwe wangu Rozi, mke wa Gibson, nyumba yao iko uani kwangu. Nimemwambia nikisema neno aandike neno hilo hilo, asilinyooshe. Ameitika. Nitajuaje kama ananidanganya? Sitajua. Basi, Mungu anamwona.

Kitabu kimetoka Tunduma. Rozi alikuwa anatandika vitanda kwenye nyumba ya wageni kule karibu na mpaka, dereva mmoja wa Zambia akakisahau chini ya godoro. Chini ya godoro! Jalada jeusi, jicho moja katikati. Kiingereza kitupu. Rozi anasoma moyoni, halafu ananigeuzia kwa Kiswahili. Kila jioni, jikoni, tangu tuanze kuchuma kahawa.

Ni cha watu wanaoua. Si kwa ulevi wala kwa mpaka wa shamba, hayo tunayajua. Huyu anaua mmoja, anapumzika. Ananawa. Anakwenda kazini, anasalimia. Halafu mwingine. Halafu mwingine. Jirani wakiulizwa wanasema jamani, mbona alikuwa mpole.

Na kuna wapelelezi wanamchora kabla hawajamwona. Si kwa penseli, kwa maneno. Wanasema ataishi peke yake. Atakuwa msafi. Atakuwa na mahali pa siri. Ataweka kumbukumbu ya kila mmoja, kitambaa, kiatu. Wakienda kumkamata, ndivyo alivyo, mpaka vifungo vya koti!

Sasa. Leo kanisani mchungaji amesoma tangazo la ndoa. Linasomwa Jumapili tatu, hii ya kwanza. Fundi Wilbard, mgane, na Miriamu, mjane. Mwenye pingamizi aseme. Kanisa zima likageuka kuniangalia. Miriamu ni mdogo wangu, tumbo moja. Ana miaka hamsini na tisa, anataka nini na mume? Tangu afiwe tumekaa wote nyumba hii, miaka kumi na mmoja. Kitanda chake upande ule wa ukuta, changu upande huu. Tunaongea kupitia ukutani mpaka mmoja wetu alale. Huwa anatangulia yeye.

Na huyo Wilbard anatengeneza majeneza. Amezika wake wawili. Anaishi peke yake. Msafi. Anasalimia.

Rozi alikuwa anakoroga uji. Tukaangaliana.

Mimi siogopi kubaki peke yangu. Andika hivyo. Piga na mstari chini.

Jumanne, 8 Julai

Nimeshinda kwenye vichanja vya kahawa. Mikono inachambua, macho yako ng'ambo ya njia, bandani kwa Wilbard. Ukungu haukuondoka mpaka saa sita. Humuoni mtu, humuoni mti, unasikia randa tu. Shwaa. Shwaa. Inanyamaza. Shwaa.

Ikanyamaza sana. Nikainua kichwa. Kumbe amesimama kwenye uzio! Amesimama tangu lini? Sijui. Tepu shingoni, maranda kwenye nywele. Akaniamkia vizuri mno, shikamoo dada mkubwa, kahawa ya mwaka huu nzuri. Nikasema marahaba. Akaniangalia kuanzia miguuni. Polepole. Magoti, kiuno, mabega, kilemba. Midomo inacheza, kama mtu anayehesabu. Akatoa kidaftari mfukoni, akalamba penseli, akaandika. Akarudi ndani ya ukungu. Shwaa.

Baridi iliyonishika si ya Julai ile.

Ferista akapita. Ferista ndiye kiongozi wa kikundi chetu cha kuzikana, na jirani yangu kwa bahati mbaya. Alisema wali wangu wa msiba wa mwaka juzi ulikuwa na mawe. Haukuwa na mawe. Lilikuwa jiwe moja. Nikamuuliza haoni ajabu kwa Wilbard? Akacheka mpaka akashika uzio. Akasema mama Gibson, mwache mdogo wako akapate wa kumkandia miguu. Au unaogopa jioni utaongea na nani, na ukuta?

Namwandika tu.

Jumatano, 9 Julai

Nimeingia bandani. Kisingizio: kigoda changu kimelegea mguu. Nilikilegeza mwenyewe kwa jiwe.

Ndani giza. Harufu ya paini na vanishi, mpaka meno yanauma. Majeneza matatu yameegemezwa ukutani, wazi, kama watu wanaosubiri kuitwa. La nne limelala pembeni, limefunikwa gunia. Wilbard akapokea kigoda, akatoka nacho nje kwenye mwanga.

Nikabaki. Nyuma kuna pazia. Nikalisogeza kwa kidole kimoja.

Magauni mawili.

Yamening'inia kwenye misumari, moja la bluu, moja la maua, bega kwa bega. Kwapa za lile la bluu bado zimekunjamana, utafikiri mwenyewe ametoka humo sasa hivi. Upepo hakuna. Yakatikisika.

Nayajua! Ya wake zake! La bluu mkubwa alilivaa kila Krismasi. Sasa huku kwetu mtu akifa nguo zake zinagawiwa. Ndugu wanakuja, huyu shuka, huyu kitenge, huyu hata kandambili. Nguo ya marehemu hailali ndani. Nani anaiweka? Kitabu kimesema nani anaiweka.

Halafu lile jeneza lenye gunia likapumua. Usiandike likapumua, Rozi, watasema nimezeeka. Andika lilisema krrr. Chini chini. Krrr. Kama mtu anayekaribia kuamka.

Nimetoka. Kigoda nimemwachia.

Jioni nimemwambia Miriamu yote, ukutani. Akasema dada, kunywa maji ulale. Akalala yeye.

Ijumaa, 11 Julai

Wilbard ameshuka Mlowo kufuata mbao. Koti amelitundika bandani, kidaftari kimo. Nilijua. Kitabu kinasema muuaji huzoea, akizoea anajisahau.

Nikaingia, nikachukua. Krrr, likasema lile jeneza. Nikaliambia kwa jina la Yesu. Likanyamaza! Nimekimbia kwa magoti haya ya miaka sabini na moja, kidaftari kwenye kitenge.

Rozi alikataa kukifungua. Eti ni wizi. Nikamwambia hao wa kwenye kitabu chako wanaita ushahidi. Akafungua. Akasoma. Sauti yake ikaanza kupungua kama taa inayoishiwa mafuta.

Ni majina. Yamefuatana, yana namba, yana vipimo.

Moja, mzee Andongwisye, futi tano na nusu. Msalaba. Andongwisye tumemzika Pasaka! Mbili, Mika mwenye mashine. Msalaba. Mei, kifua. Tatu, mama Shadrack. Msalaba. Juni, alianguka jikoni hata ugali haujaiva. Wamekwenda kwa foleni, mmoja mmoja, kama walivyoandikwa.

Nne, Miriamu. Futi tano na inchi mbili. Mwembamba. Hakuna msalaba. Pembeni ameandika: mbao zipo.

Rozi alishindwa kusoma tena. Moto ukapasuka, tukaruka wote wawili.

Nikamwambia amalize. Tano, Ferista. Sita, Roda, kwa macho, mpana.

Wa sita? Nyuma ya Ferista? Mimi nimemzidi miaka minne! Na mpana ni nini, vitenge tu hivi vya baridi.

Jumamosi, 12 Julai

Mpango. Kitabu kinasema muuaji hurudi. Hawezi kujizuia. Wapelelezi wanatangaza kitu cha uongo, halafu wanajificha makaburini. Anakuja mwenyewe.

Kutangaza ni kazi rahisi. Nimemwambia Ferista, ila asimwambie mtu, kwamba kwenye kaburi la Andongwisye kuna kitu kimeonekana kimechomoza. Nimesema "kitu" tu, nikaondoka.

Saa kumi na moja jioni nikajibanza nyuma ya michongoma, Rozi pembeni na daftari hili. Ukungu ukashuka. Misalaba ya mbele ikabaki, ya nyuma ikafutika. Kimya. Hata mbwa wa barabara ya Vwawa hawasikiki.

Hatua.

Mtu amejifunika blanketi hadi machoni. Akasimama kaburini. Akainama. Rozi akanishika mkono akanibana. Kabla sijapiga kelele, hatua nyingine. Mtu wa pili. Hawakusalimiana! Wa tatu. Wanatokea kwenye ukungu kama wanaota ardhini. Wa nne. Wa saba. Wanazunguka kaburi, vichwa chini, hakuna anayesema. Nikahesabu kumi na mmoja. Kumi na mmoja! Kijiji kizima wanaua!

Mmoja akapiga chafya. Chafya ya Ferista naijua. Wote walikuja kuangalia kitu kilichochomoza. Damiano, mwenyekiti wa kitongoji, alikuja na jembe.

Wilbard hakuja.

Rozi anasema basi, ameshajisafisha. Mtoto huyu! Wote wamekuja ila yeye. Alijua hakuna kitu. Atajuaje kama si yeye mwenyewe?

Kesho tangazo la pili.

Jumapili, 13 Julai

Leo naandikisha nimeketi kitandani. Sitaki kuonekana.

Mchungaji alipofika mwenye pingamizi aseme, nikasimama. Kanisa likanyamaza mpaka nikasikia bati linavyolia kwa jua. Nikasema ninalo. Nikainua kidaftari. Nikasema huyu bwana ameua watano, wake zake wawili na hawa watatu waliofuata, na wa sita ni mdogo wangu, na mbao zipo.

Miriamu hakuniangalia. Aliangalia viatu vyake.

Tukatolewa nyuma ya kanisa, wazee, mwenyekiti Damiano, na wote waliojifanya wanatafuta kivuli. Wilbard hakukasirika. Hilo nalo limo kitabuni, hawakasiriki. Akauliza kwa upole kama naukumbuka mkutano wa kikundi wa Februari. Nikasema nilikuwepo. Ferista akadakia, ulikuwepo ndiyo, ulikuwa unamsimulia jirani yako Recho habari za jino lako lililong'olewa.

Kumbe. Mzee Ndalahwa alikufa wakati wa mvua, njia imekatika, jeneza la haraka likaja fupi, tukamkunja magoti. Hilo nalikumbuka, tulilia kwa aibu. Basi kikundi kikasema isijirudie. Wazee wote wapimwe wakiwa hai, fundi aweke mbao. Wanaokubali wanyooshe mikono. Ferista amefungua daftari la kikundi, akasoma mbele za watu: Roda alinyoosha mikono yote miwili. Nilikuwa nawaonyesha ukubwa wa lile jino! Wakapimwa kwa foleni, mmoja mmoja. Mimi nilipoitwa nilikuwa nimeondoka, ndiyo maana amenipima kwa macho. Msalaba maana yake kazi imekwisha.

Na magauni? Wilbard akashusha sauti. Wake zake walikuwa ndugu, kwao ng'ambo, Zambia. Nguo hazigawiwi bila mtu wa damu yao kusimama. Kila mwaka wanasema wanakuja. Hawaji. Yeye anayafukuzia panya, anayaanika, anayarudisha. Miaka tisa. Miriamu ndiye anayemsaidia kuyafua. Mdogo wangu alijua!

Na jeneza linalokoroma? Kuku. Ameatamia mayai kumi na moja.

Watu wakacheka. Ningenyamaza ingeisha. Lakini nikasema kitabu hakidanganyi. Damiano akasema kiletwe. Rozi akasomeshwa ukurasa unaomchora muuaji, akaugeuza kwa Kiswahili. Mtu huyu hakosi kwenye mazishi. Anachungulia jirani zake. Anaandika kila kitu na tarehe. Anasema uongo kuwavuta watu makaburini. Anajiingiza kwenye upelelezi, anawaambia polisi tafuteni huku. Anaweka kumbukumbu ya kila marehemu.

Kicheko kikaisha. Ferista akauliza, polepole, ni nani amekuwa akiondoka na vikombe vya msibani? Kikundi kimepungukiwa vikombe kumi na saba.

Miriamu akasema, sauti ndogo kabisa, viko chini ya kitanda cha dada.

Ni vikombe tu! Nakunywea chai, namkumbuka mtu! Cha Andongwisye kina ua jekundu!

Wakaniangalia. Wote. Kuanzia miguuni, polepole, hadi kilembani. Ukungu ulikuwa unapanda kutoka bondeni, sikuona tena sura zao, niliona macho. Ferista akasogeza kiti chake mbali na changu. Nikajua wananichora.

Jumanne, 15 Julai

Ferista amekuja na ndoo kuchukua vikombe. Amehesabu kumi na sita. Cha ua jekundu sijui kimepotelea wapi. Rozi, usiangalie rafuni.

Wilbard amerudisha kigoda. Amekiweka mlangoni, hakutaka malipo. Mguu umekaza kweli.

Miriamu ameanza kufunga vitu. Nikasimama mlangoni pake, nikamwambia bado hujachelewa, mtu anayekaa na magauni ya marehemu miaka tisa si mzima. Akaendelea kukunja. Akasema dada, ungesema tu usiende.

Nikauliza nini?

Akasema ungesema Miriamu usiende, ningekusikia. Hukusema. Umesema muuaji, umesema mbao, umesema kuku. Hilo moja hukusema.

Mdomo huu, Rozi, haujawahi kukosa neno tangu nizaliwe. Leo ulikauka. Akasubiri. Kitenge mkononi, anasubiri. Nikamwambia abebe blanketi zito, kule kwa Wilbard madirisha yanapitisha baridi.

Akabeba.

Jumamosi, 26 Julai

Ndoa imefungwa. Nimepika wali. Hakuna jiwe hata moja. Ferista amekula sahani mbili, anatafuna taratibu huku ananitazama, wali ukatelemka wote salama, nikamwona jinsi alivyoumia.

Jioni nimeongea ukutani kidogo. Mazoea. Halafu nikanyamaza, nikasikiliza. Nyumba ikiwa tupu inasikiliza na yenyewe, sikulijua hilo.

Siogopi. Nilishasema.

Alhamisi, 31 Julai

Chumba nimepangisha. Jumatatu. Anaitwa Ferdinand, ametoka Saza, machimboni, anasubiri kazi ya malori Tunduma. Mpole. Shikamoo mama, asubuhi na jioni. Ananawa mikono mara tatu kabla ya kula! Taa hawashi. Anakaa gizani, namsikia anavyopumua upande ule. Chini ya kitanda ana gunia zito limefungwa waya, na kila jioni anasaga kitu. Krik. Krik. Anasimama. Krik. Nikigonga ukuta, ananyamaza papo hapo.

Jana nikamtuma Rozi mbio ng'ambo: Miriamu aje, dada yake yuko hatarini, muuaji yumo ndani ya nyumba.

Alikuja! Kandambili mguu mmoja, unga mikononi. Wilbard nyuma yake na tezo. Wakamtoa Ferdinand, wakafungua gunia. Mawe. Mawe ya machimboni, anayasaga kutafuta dhahabu ya mabaki. Kijana wa watu aliomba msamaha kwa ajili ya kelele. Miriamu alicheka mpaka akaketi chini, akafuta machozi kwa upindo. Akasema dada, wewe, wewe! Wilbard akarudi kwake. Miriamu akasema anapumua kwanza. Akanywa chai. Akamenya viazi, hata sikumwomba. Akanisimulia vifaranga wa jenezani, wametoka tisa. Akaondoka kuku wakiwa wameshalala.

Rozi anasema sasa tumeshahakikisha, Ferdinand ni mtu mwema, na hiki kitabu tukirudishe Tunduma.

Mkwe wangu, soma vizuri. Mawe ni ya kufichia nini? Anayesaga mawe atashindwa kusaga kingine? Akamwomba msamaha nani, na kwa kosa gani? Nimemchora, ni yeye kabisa, mpaka kucha. Usiku nasikia krik, nywele zinasimama.

Lakini kwa Damiano usiende. Akija kukamatwa huyu, Miriamu atakuwa anakuja kufanya nini?